Chenga za zamani na picha inayoganda leo

Tangu mitambo ya televisheni ya analojia izimwe Dodoma mapema mwaka 2013, lawama moja haijaisha: zamani mawimbi yakiwa hafifu ulipata chenga, lakini taarifa ya habari uliiona, sasa kwa dijitali picha inaganda, inakatika vipande, kioo kinabaki cheusi. Lawama hiyo ina ukweli. Mawimbi ya analojia hufuata umbo la sauti au mwanga wenyewe, kwa hiyo yakidhoofika picha hufifia kidogo kidogo. Redio ya FM bado iko hivyo, na kwa msikilizaji wa milimani Mpwapwa, sauti ya mkwaruzo inafaa kuliko kimya.

Ila wanaolaumu hutazama mwisho wa safari tu. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Tuseme njiani pana vituo kumi vya kupokezana. Kwenye analojia, kila kituo hukuza kilichopokea pamoja na kelele, yaani mawimbi ya ovyo yaliyoingia njiani, kwa kuwa mtambo hauwezi kujua ipi ni sauti ya mtangazaji. Kila kituo kikiongeza kelele kiasi kilekile, kufika Dodoma zimekuwa mara kumi, na hazichujiki tena, zimeshaungana na umbo lenyewe. Kwenye dijitali, picha na sauti husafiri kama mfululizo wa sifuri na moja, na kituo huamua jambo moja: hii ni sifuri au moja? Kwa mfano rahisi, moja iliyotumwa kwa volti 5 ikifika na 3.8, bado ni moja. Inatumwa upya kwa volti 5 kamili. Kelele zinaishia hapo. Kituo cha kumi kinatuma kile kile kilichotumwa na cha kwanza! Na biti (hizo sifuri na moja) za ziada zinazosafiri pamoja na picha humwezesha mpokeaji kusahihisha zilizoharibika, hadi makosa yazidi uwezo wake. Hapo ndipo picha huganda.

Kwa hiyo tatizo liko kwenye akiba, yaani ubora wa mawimbi unaozidi kile kinachohitajika ili picha isigande. King'amuzi huonyesha mistari miwili, nguvu na ubora. Geuza antena ukifuata ubora. Busta (kifaa cha kukuza mawimbi) iliyofungwa nyuma ya televisheni hukuza pia kelele zilizookotwa na waya. Mahali pake ni juu ya mlingoti, jirani na antena. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, kagua maji kwenye maungio ya waya, au punguza busta. Na usiache ubora kwenye kiwango kinachotosha kwa shida: upepo wa Dodoma ukisogeza mlingoti kidogo tu, picha imekwenda.