Saa Tisa ya Mzinga

Najua video mmeshaiona. Dokta kaitupia kwenye kundi la familia kabla hata sijapangusa vumbi magotini, na shangazi yangu wa Tanga keshauliza kama nimepandisha mapepo. Sawa. Ila video inaanzia pale ninaporuka. Nilifikaje pale, haisemi. Naomba na mimi nisikilizwe.

Chanzo ni hesabu. Mama mwenye nyumba niliyopanga chumba, Havana Kongwe kule Cuba, aliniambia nisithubutu kuondoka bila kuona cañonazo, mzinga unaopigwa ng'ambo ya bandari kwenye ngome ya La Cabaña, kila siku "a las nueve". Mimi na Kihispania changu cha wiki tatu, cha kujifunzia kwenye simu, kuhesabu najua. Nueve ni tisa. Basi saa tisa! Nikamshukuru, nikanywa kahawa yake, nikajiona mwenyeji. Mnaocheka hapo, saa ya Kizungu kichwani mwenu huwa inajigeuza yenyewe? Mimi mtoto wa Temeke. Saa tisa ni alasiri, na jua linawaka.

Na kweli liliwaka. Nikavuka kwa kivuko cha Casablanca (chukua pantoni la Kigamboni, litoe magari yote, lianike mpaka lisinyae), nikapanda kilima hadi kwenye sanamu ya Kristo, marumaru tupu, mita kama 20, imesimama inaitazama bandari. Mimi sikutazama kitu, jasho lilikuwa machoni. Nikajikokota mpaka ngomeni.

Ngome ni kubwa jamani. Waingereza waliuteka mji huu mwaka 1762. Mwaka uliofuata Wahispania wakarudishiwa kwa kuitoa Florida, wakaanza kujenga papo hapo, wakamaliza 1774. Wanasimulia kuwa mfalme Carlos III, akiwa kwao Hispania, aliagiza darubini: kitu kilichokula fedha zote zile lazima kionekane mpaka huku! Nilipata muda wa kutosha kuyatafakari hayo kwa sababu saa tisa ilifika, mzinga kimya. Tisa na nusu, kimya. Saa kumi akapita paka.

Nikaandika kwenye kundi: "Wametupiga. Mzinga wenyewe pambo." Dokta akajibu kwa kikatuni kimoja cha kucheka. Neno hakusema. Huyu mtu anasoma udaktari Havana mwaka wa nne, anajua kila kitu. Likumbukeni hilo mnapomtetea.

Jioni akanipigia. "Twende tukaangalie askari, wanavaa mawigi." Tukapita kwenye handaki la chini ya bandari ndani ya gari la Kimarekani lenye umri wa baba yangu, na kufika ngomeni tukakuta watu wamejaa. Askari wakaingia na sare za karne ya 18, wameshika mienge. Mimi nimeanza kumfundisha Dokta: zamani bwana, mzinga huu ulikuwa tangazo kwamba malango ya mji yanafungwa, na mnyororo unavutwa pale mdomoni mwa bandari maharamia wasiingie. Siku hizi wanaigiza tu. "Ee, kumbe," akasema Dokta. Akatoa simu.

Sasa twendeni polepole.

Mpiga mbiu kaita, uwanja mzima kimya. Mimi nimeupa mzinga mgongo ili nijipige picha, simu mkono wa kulia, juisi ya miwa mkono wa kushoto. Kwenye kioo cha simu naona, pembeni ya sikio langu, askari anaushusha mwenge. Nikasema moyoni, hawa wanaigiza vizuri. Kushoto kwangu bibi mmoja akaziba masikio kwa vidole. Nikamwonea huruma, labda anaumwa. Mtoto naye akaziba. Baba wa mtoto akaziba. Nikawaza, ni ugonjwa gani huu?

Mlio sikuusikia. Uliniingia. Ulipitia mgongoni, ukanipasua kifuani, ukashukia magotini, na magoti yakajiuzulu. Juisi ilikuwa hewani kabla sijajua kama nimeirusha. Dokta anadai nilipiga kelele "Mama, nakufa!" Uongo. Nilisema "Mama" tu. Hilo la kufa nililisema kimoyomoyo.

Kisha (wenye watoto, watoeni sebuleni) nikajificha. Nyuma ya yule bibi. Umri kama miaka sabini, urefu kiwiko changu, nami nimemdaka mabega yote mawili na kumwelekeza kwenye mzinga kama ngao. Angalieni video vizuri: bibi wa watu hana hata habari, anapiga makofi! Anashangilia, na mimi nimemning'inia mgongoni, juisi inamdondokea kwenye blauzi. Mwangwi ulipogonga ng'ambo ya maji ukarudi, nikainama mara ya pili.

Nilitaka kuomba radhi, Kihispania chote kikakimbia, zikabaki namba. Nimemwambia bibi wa watu "uno, dos, tres" nikiwa nimeweka mkono kifuani. Akanipiga-piga shavu, akanipa leso, wajukuu wakapiga picha na mimi, askari mmoja akashika wigi lake kwa kucheka, tukarudi mjini, keshokutwa yake nikapanda ndege. Basi.

Nipo Dar sasa. Wenyeji wa Havana huo mzinga wanarekebishia saa zao, na Dokta, mwanaharamu yule, kila usiku anakaa kwenye ukuta wa Malecón, ile barabara ya ufukweni, na simu mkononi. Saa tatu kamili kwao ni saa kumi alfajiri kwetu. Kila siku sauti inaingia: BUUU! halafu kicheko.

Jana nikazima simu kabisa. Saa kumi kasoro dakika mbili nilikuwa macho, nimeushika mto pembe zote mbili, nimeuelekeza dirishani.