Herbertsmithaiti: spini kweli hazitulii au ni uchafu unatuchanganya?

Hili jiwe wanafizikia wameligombania miaka mingi na mi naona pande zote zina hoja. Ni madini ya kijani yenye shaba, zinki na klorini, yalitambuliwa 2004, mwaka uliofuata maabara ya MIT kule Marekani wakayatengeneza wenyewe. Atomu za shaba zimekaa kwenye pembetatu zinazogusana ncha kwa ncha, mpangilio wa kagome, na kila spini, yaani kisumaku kidogo cha atomu, inataka kuelekea kinyume na jirani yake. Sasa hapo ndo balaa: wa kwanza juu, wa pili chini, wa tatu aende wapi? Popote atakapoelekea lazima kuna mmoja atamuudhi.

Upande wa kwanza wanasema hiki ni kimiminika cha spini, ile hali aliyoipendekeza mwanafizikia Philip Anderson 1973, spini zinaendelea kuchezacheza hata kwenye baridi kali. Na ushahidi wanao. Nguvu kati ya spini ni sawa na joto la kama kelvini 200, ungetegemea zijipange mapema tu, lakini zimepozwa mpaka kelvini 0.05 na wapi, hazijajipanga. Halafu 2012 fuwele ikapigwa nyutroni, badala ya mistari mikali ya mawimbi ya kawaida ukatoka mtawanyiko mpana, dalili kwamba msisimko wa spini unagawanyika.

Upande wa pili wanakwambia angalia sampuli kwanza. Asilimia kama 15 ya nafasi za zinki zimekaliwa na shaba, na hizo spini za ziada zinavuruga vipimo vya nishati ndogo, palepale unapotafuta kama kuna pengo la nishati, yaani kiwango cha chini kabisa cha nishati cha kuzisisimua spini. Ndo maana NMR (kipimo kinachosikiliza viini vya atomu kwa sumaku) ya 2015 ikasema pengo lipo, ya 2020 ikasema halipo, jiwe lilelile! Na YbMgGaO4, fuwele nyingine iliyodhaniwa kuwa kimiminika cha spini, si ilitupa somo, 2016 kelele nyingi, baadae ikaonekana magnesiamu na galiamu zilivyochanganyika ovyo zinaweza kutoa picha ya nyutroni inayofanana kabisa.

Mi herbertsmithaiti na YbMgGaO4 sizilinganishi. Uchafu wa herbertsmithaiti uko zaidi kati ya tabaka na tabaka, sio ndani ya kagome, kwahiyo ile picha ya nyutroni kwenye nishati kubwa naiamini. Habari ya pengo bado, sichukui upande. Ndo maana naifuatilia zaidi barloaiti ya zinki, jamaa wa karibu wa jiwe hili, ina kagome ileile ya shaba ila tabaka zimepangwa tofauti, uchafu ukibadilika na nyutroni zikaleta picha ileile, hao wa upande wa pili watakuwa na kazi.