Yule wa Juu ya Taji la Ramses

Juzi nilikuwa naikodolea macho picha ya Abu Simbel, hekalu la kale la Misri, iliyopigwa mwaka 1850. Mchanga umeumeza mwili wa sanamu ya farao Ramses II, na juu ya taji lake kuna kidoa cheusi. Nikaikuza kwenye simu. Kumbe ni mtu, katulia tuli.

Mpiga picha ni Maxime Du Camp, Mfaransa aliyefunga safari ya Misri mwaka 1849 na rafiki yake Gustave Flaubert, yule mwandishi. Wa juu ya taji ni Hadji Ismael, Mnubi mwenye jicho moja, baharia wa mashua waliyopandia Mto Nile. Kila penye hekalu alipangwa mahali ili watazamaji wa Ufaransa wajue jiwe lina ukubwa gani. Binadamu mzima kageuzwa rula!

Negativu za siku zile, yaani karatasi zenye dawa zilizonasa picha ndani ya kamera, zilitaka mwanga mwingi, na lenzi iliachwa wazi kwa muda mrefu. Ukijikuna tu, unatoka kama moshi. Du Camp anasimulia mwenyewe dawa aliyoipata: alimwambia Ismael kwamba lile bomba la shaba la lenzi ni mzinga, akitikisika utamtapikia risasi. Ismael akaganda.

Mimi hapo nina shaka. Mzinga gani unakuelekea hekalu baada ya hekalu na haulii hata siku moja? Huenda baharia alikuwa akimcheka moyoni.

Sisemi waanzilishi hawa wa upigaji picha hawakutoka jasho. Francis Frith, mpiga picha Mwingereza aliyefika Misri mwaka 1856, alitumia vioo badala ya karatasi, vingine vya karibu sentimita 40 kwa 50. Kioo kilipakwa dawa, kikapigiwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, na kazi ya dawa ilifanyika ndani ya hema lenye joto la kuichemsha dawa yenyewe. Huyo namvulia kofia.

Ila Du Camp, kamera aliibadilisha Beirut kwa vitambaa vya darizi ya dhahabu. Mwaka 1852 akatoa kitabu chenye picha 125, na mwaka uliofuata akavishwa nishani ya Légion d'honneur, ya heshima kubwa Ufaransa. Bila Ismael, zile picha zingekuwa mawe yasiyo na kimo, kwa hiyo orodha yangu ya waanzilishi inaye na yeye.

Chini ya picha niliyoiona wameandika hekalu, mwaka na Du Camp. Aliyekaa juu hawakumtaja.