Gugumaji tunalilisha wenyewe

Mvua ikinyesha usiku huku milimani Mwanza, najua asubuhi mtaa utanuka nini. Wapo wanaoisubiri ili watapishe vyoo. Mwaka jana niliona ukuta wa shimo la choo umechomekwa kipande cha bomba, mdomo umezibwa kwa tambara na gunzi la mahindi. Mvua ikishika kasi gunzi linachomolewa, uchafu unateremka kwenye miamba hadi Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga Ziwa Victoria.

Halafu tunalilaani gugumaji. Mwaka 2025 lilitanda kati ya Kigongo na Busisi, vivuko vikapita kwa taabu, na kila mtu akataka mashine za kulivuna. Livunwe, sawa. Lakini linakula nini? Linakula naitrojeni na fosforasi, na mlo huo kwa sehemu kubwa unatoka kwetu.

Naitrojeni yenyewe haina ubaya. Ndiyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta, ila mmea hauwezi kuila ikiwa hewani hivyo. Ng'oa shina la kunde utazame mizizi: vile vinundu vidogo ni makazi ya bakteria wanaoigeuza iwe chakula cha mmea. Viwandani huigeuza kwa joto na mgandamizo mkubwa, ndipo tunapata urea ya kukuzia mahindi. Shambani ni neema. Ikisombwa hadi ziwani, inastawisha mwani. Maji yanakuwa ya kijani, mwani unakufa na kuoza, oksijeni inakwisha, na sato walio kwenye vizimba hawana pa kukimbilia. Tena baadhi ya mwani wa Ziwa Victoria hujitengenezea naitrojeni kutoka hewani, mradi upate fosforasi. Ndiyo maana kuilaumu mbolea peke yake hakutoshi. Kinyesi kina vyote viwili.

Kinachoniuma zaidi ni mafunjo. Yalikuwa yanachuja maji kabla hayajafika ziwani, bure kabisa, nasi tunayakata na kuyachoma tupande mboga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Tembea kando ya maji uhesabu hatua mwenyewe kabla hujakutana na tuta la kwanza.

Mitaa kadhaa ya milimani imeshaunganishwa na mabomba ya majitaka, na huko gunzi halina kazi tena. Kwetu bado. Naomba yafike kabla ya masika.