Umeziba kibaraza kwa vioo, halafu unaniuliza BTU ngapi

Jumamosi nilikwenda Goba kwa wifi yangu kuona ukumbi mpya. Ukumbi wenyewe ni kile kibaraza chao cha mbele, tulichokuwa tunakaa jioni kumenya viazi na kusengenya. Sasa kimezibwa kwa aluminiamu na vioo toka chini mpaka juu, kinatazama magharibi, ndani kuna kochi rangi ya maziwa ambalo halijavuliwa nailoni. Tukaingia saa tisa alasiri. Nailoni ikaninata mapajani. Dirishani mtoto alikuwa ameacha kalamu zake za rangi, zile za nta. Nyekundu na kijani zilikuwa zimeyeyuka, zimeungana, zimejaa kwenye reli ya kioo mpaka dirisha haliteleziki.

Wifi wala hakuona haya. “Wifi, kiyoyozi cha BTU ngapi kitatosha humu? Fundi anasema elfu kumi na nane.” BTU ndicho kipimo cha nguvu ya kiyoyozi.

Mama mkwe akachungulia mlangoni, akasema “tanuri la mikate hili,” akarudi zake uani chini ya mwembe.

Jamani. Jua likishapita kwenye kioo linachemsha vigae na kochi, na joto linalotoka humo kioo hakiliachii lirudi nje. Waingereza hujenga chumba cha vioo namna hiyo ubavuni mwa nyumba makusudi, ili wanase kajua kao. Ikifika Desemba wanahangaika tena watakipashaje joto kwa bei nafuu, maana kioo hakizuii baridi. Haya, wana sababu. Desemba yetu sisi ni kaskazi, nyuzi 32 na jasho lisilokauka, na bado tunakopa kununua dawa ya ugonjwa wa watu wengine.

Twende kwenye Luku, ndiko mtanielewa. Vioo vya wifi ni kama mita 8 za mraba. Upenu haumsaidii, maana jua la saa kumi halitoki utosini, linakuja mlalo mpaka miguuni pa kochi. Kwa jua kali kila mita inaingiza karibu nusu kilowati, jumla kilowati 4 za moto mtupu. Kiyoyozi cha BTU 18,000 uwezo wake wa kuondoa joto chumbani ni kilowati 5 na ushee. Maana yake unanunua mashine ghali ambayo robo tatu ya nguvu zake inagombana na dirisha ulilolilipia mwenyewe! Nayo inakula kama kilowati moja na nusu ya umeme. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Iwashe saa nane mchana mpaka saa nne usiku, ivume bila kupumzika, uniti 12 zimekwenda. Buku ni uniti 2.8. Kwa siku elfu nne na kitu, kwa mwezi laki na ishirini na zaidi, ya kukaa kibarazani! Pangaboi la wati 70 likizunguka usiku na mchana halimalizi uniti 2.

Nilimwambia: zuia jua kabla halijagusa kioo. Tundika jamvi kwa nje, au makuti, au neti ya kivuli ya watu wa bustani, au pandisha mpasheni kwenye waya. Chochote, mradi kiwe nje, kiachane na kioo kidogo hewa ipite. Pazia zito la ndani ni kumfungia mlango mwizi aliyekwishakaa sebuleni. Ukishaweka kivuli, fungua vioo pande mbili, washa pangaboi. Feni za maji waachie wa Dodoma, kwenye hewa kavu. Hapa Dar unaongeza unyevu juu ya unyevu.

Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo, miaka ya 1970, alilifunika kwa miavuli mikubwa ya zege na kuacha hewa ijipitie. Leo kila mwenye kiwanja anataka nyumba ifanane na duka la simu.

Sawa, vumbi nakubali. Lori la kokoto likipita pale kwao, chai inageuka uji. Na viyoyozi vya inverta vinapunguza umeme, nimeviona, sibishi. Hata chumbani usiku kwa mgonjwa au mtoto mwenye vipele vya joto, weka kiyoyozi, nani atakulaumu. Lakini mbu wanazuiwa na neti, na mwizi ana grili.

Wifi alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama vioo vyake, akasema: “Jamvi? Wageni si watadhani banda la kuku?” Kumbe fundi alishapewa kianzio.

Jana usiku kanitumia ujumbe: “Wifi, huna elfu kumi ya Luku hapo?” Nimemtumia elfu tano, na picha ya jamvi.