Betri Iliyonichafulia Jina kwa Mama Mkwe

Zamani mama mkwe akitaka kuja kwangu kutoka Sengerema, kivuko kilinisaidia. Akipiga simu yuko Busisi, najua nina muda wa kufagia na kutafuta sato. Tangu daraja lifunguliwe 2025, anapiga simu akiwa getini.

Ndivyo alivyotukuta Jumamosi moja hapa Buswelu, Mwanza, siku chache tu baada ya mimi kufunga sola. Paneli nilinunua mpya, inveta mpya. Kwenye betri ndipo mkono ulipokuwa mzito. Dukani walinitajia bei ya lithiamu, nikaomba maji ya kunywa. Wakashuka hadi betri ya jeli. Nikasema nitarudi, na wao wakajua sirudi. Jirani yangu dereva wa lori alikuwa na betri ya gari, N70, aliyoitoa kwenye lori lake: elfu sitini.

"Betri ni betri," nilimwambia mke wangu, Mama Neema, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Kumbe betri ya gari kazi yake ni kusukuma starta sekunde chache, halafu alteneta inairudishia ilichotoa. Mimi nikaikesheshea televisheni na feni. Siku ya tatu ikawa hoi, na maji ndani yamepungua. Nikaijaza maji ya kunywa ya chupa. Lebo ilisema yana madini muhimu kwa afya. Afya ya nani, sikuuliza.

Mama Neema naye hakutaka lile dude lionekane. Akalificha nyuma ya kochi kubwa, akalifunika kitambaa chake cha kufuma. Kochi kubwa ndilo la wageni.

Saa saba mchana, jua limewaka mpaka majabali yanameremeta. Mama kakaa, anasimulia habari za mihogo yake. Harufu ikaingia. Si ya dagaa, ya dagaa wa Mwaloni tunaijua na tumeizoea. Hii ilikuwa ya yai viza. Nikamtazama mke wangu, mke wangu akatazama dari. Mama akanyamaza kidogo, kisha akarudi kwenye mihogo.

Sasa mama mkwe unamuulizaje?

Nikafungua dirisha. "Joto, mama."

"Joto kweli, baba."

Nikafungua mlango. Harufu ikazidi. Neema akabana pua: "Bibi, nani ka..." Mama yake akamnyakua mbiombio jikoni. Nikaona hapa lazima mwanaume ajitoe. Nikashika tumbo. "Samahani, mama. Maharage ya jana."

"Pole, baba. Nilijua tangu ulipofungua dirisha."

Kabla aibu haijanishuka vizuri, nyuma ya kochi kukasikika bwata, bwata, bwata, kama uji jikoni. Mama akageuka taratibu. "Na hilo nalo ni tumbo lako?"

Tukavuta kochi. Betri imevimba kama andazi, ya moto, kitambaa kimeliwa matundu na tindikali. Nikampigia fundi. "Kata swichi ya paneli, tokeni nje, na msiwashe hata kiberiti! Hiyo gesi inalipuka!" Mke wangu alikuwa anapika kwa mkaa. Sijawahi kuona jiko na sufuria ya ugali vikikimbia vile.

Fundi alipopima baadaye alikuta volti 10.4. Kati ya vyumba sita vya betri, kimoja kilishakufa. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji, inangoja ione volti 14.4, haioni, inazidi kusukuma umeme, na vile vitano vilivyobaki vinabebeshwa mzigo wote mpaka vinachemka. Akayanusa yale maji yangu ya chupa, akanitazama, hakusema kitu. Afadhali angesema.

Leo nina betri ya jeli, iko barazani penye hewa. Nimekatazwa kushusha chaji yake chini ya nusu, kwa hiyo saa nne usiku feni inazimwa na malalamiko yanawashwa.

Jumapili iliyopita simu ikaita: mama yuko getini. Kaleta mizizi iliyofungwa kwenye khanga, dawa ya tumbo. Nikampeleka barazani, nikamweleza upya habari ya gesi na vyumba sita. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanikabidhi mizizi.

"Harufu ilikuwa ya betri, baba. Lakini maharage ulikiri mwenyewe."