Tyuni tumba kwa sikio, simu iache mfukoni

Mpiga tumba wa siku hizi, zile ngoma ndefu za Cuba zinazopigwa kwa viganja, akitaka kutyuni, cha kwanza kuchomoa ni simu. Anagonga, sindano ya programu ya kutyuni inaruka huku na huku, naye anaikimbiza kwa spana. Simu haina kosa. Uzi wa gitaa hutoa sauti zake ndogondogo kwa hesabu iliyonyooka, mara mbili, mara tatu, mara nne ya sauti ya msingi. Ngozi ya duara haina adabu hiyo: sauti yake ya pili huangukia karibu mara 1.6, kwa hiyo programu hudaka yoyote iliyotangulia. Sikio hujua ipi ni noti na ipi ni kelele ya pembeni.

Hata hivyo, tumba nyingi huharibika kabla ya kufika kwenye noti. Watu hutafuta sol wakati ngozi imevutwa upande mmoja. Legeza nati zote mpaka zizunguke kwa vidole, kisha paka grisi kwenye nyuzi za boliti. Boliti kavu hukaza spana bila kukaza ngozi, nawe ukadhani umefika. Tazama ringi ya chuma ikae sawasawa na ukingo wa ngoma. Ikilala upande, hakuna sikio litakaloisaidia. Kaza robo mzunguko kila nati, ukivuka upande wa pili: kwa boliti sita ni 1, 4, 2, 5, 3, 6.

Sasa gonga kwa ncha ya kidole karibu na kila boliti, sentimita nne hivi kutoka ukingoni. Palipo chini, kaza kidogo. Palipo juu, legeza. Usitegemee pande zote zifanane kabisa, maana ngozi ya ng'ombe huwa nene zaidi ilipopita mgongo wake. Mwamuzi ni mlio wa wazi, ule wa vidole vinne ukingoni vinavyoachia mara moja. Mlio ukitoka mmoja, umesawazisha. Ukiyumbayumba, bado. Na unaposikiliza, inamisha ngoma kidogo au iweke kwenye stendi: tundu la chini likizibwa na sakafu, besi hufa na utakaza kupita kiasi bila sababu.

Hapo ndipo noti zinapoingia. Imba kwanza, kisha kaza mpaka ngoma ikufuate. Kati ya ngoma ya sauti nene na ya kati weka nafasi ya nne, sol kwenda do. Kuikumbuka ni rahisi: ndiyo hatua ya kwanza ya ule wimbo wa kumwingizia bibi harusi kanisani. Ukiwa na kwinto, ile ngoma ndogo ya sauti ya juu, ipandishe hadi mi. Fika kwenye noti ukitokea chini siku zote. Ukipitiliza, shuka chini yake halafu panda tena, la sivyo ngozi itaendelea kulegea katikati ya wimbo. Mlio ukiwa mkavu, mfupi, na vidole vinauma, umezidisha. Wahenga walishasema ngoma ikilia sana hupasuka, na hapa si fumbo.

Wa kwetu walipasha ngoma motoni, na Cuba walifanya vivyo hivyo ngozi ilipokuwa bado inapigiliwa misumari. Boliti zimetuondolea moto, hali ya hewa imebaki palepale. Masika ya Pwani hulegeza ngozi, taa za jukwaani huikausha ikapanda. Kwa hiyo tyuni tena baada ya wimbo wa pili au wa tatu, si nyumbani tu kabla ya kutoka.

Onyesho likiisha, legeza kila nati mzunguko mmoja na nusu, zote sawa, na uandike idadi hiyo kwa kalamu ndani ya ngoma. Kesho utarudisha mizunguko ileile, na zitabaki robo chache tu za kumalizia kwa sikio.